Mama Mkwe na Gari Lenye Kitanda

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hunirudia kila ninapomwona mtu mzima amesimama kwenye mvua ilhali mlango uko wazi mbele yake. Juzi ilinirudia bila mvua, sebuleni kwangu hapa Thamesmead, ulipotoa simu kutuonyesha picha za gari ulilokodi ili wewe na Naliaka mtupeleke sisi wazazi wake visiwani kaskazini kabla ya harusi yenu. Ni gari zuri. Jiko limo, choo kimo, na kitanda kipana kimo kule nyuma. Nilikutazama ulivyofurahi, kisha nikamtazama mke wangu akiinuka kwenda kupika chai ambayo hakuna aliyeiomba, nikajua lazima nikusimulie. Kwa haki jambo hili lingesemwa na wajomba zako, lakini wajomba zako wako mbali na safari ni wiki ijayo.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa dereva wa basi hapa London, nimeoa mwaka mmoja tu, na mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Bungoma kututembelea kwa mara ya kwanza. Tulikuwa na chumba cha wageni. Nilikipaka rangi kwa mikono yangu, nikanunua shuka mpya. Lakini yule mama alitoka uwanja wa ndege akaenda moja kwa moja kwa binamu wa mke wangu kule Plumstead, na huko ndiko alikolala siku zote. Kwetu alikuja mara mbili. Aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango, akanywa maji, akaaga. Mkono hakunipa. Nikimsalimia, anaitikia akitazama viatu vyangu.

Hapa lazima nikwambie kitu usije ukaniona mjinga kupita kiasi. Mama yangu mzazi alifariki kabla sijajua kuongea vizuri. Nililelewa na shangazi yangu Nairobi, mtaa wa Buruburu, mwanamke wa kazi na kanisa, ambaye mambo ya kwetu hakunifundisha kwa kuwa na yeye aliyaacha mapema. Kwa hiyo nilipomwoa Nekesa, moyoni nilijiambia kwamba nimepata mke na pia nimepata mama. Sasa mama mwenyewe amefika, na kwangu halali. Iliniuma sana. Nilidhani ananiona mtu asiye na kwao, dereva tu, asiyestahili binti yake.

Nikapata wazo, na niliona ni wazo la akili sana: nitampeleka mama mahali ambapo hakuna binamu. Nekesa nilimwambia tunakwenda kutembea visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa ya Scotland, na mengine nikayaficha yawe zawadi. Tukapanda treni hadi Aberdeen, tukavuka kwa meli, na asubuhi bandarini nikawapeleka hadi lilipoegeshwa gari la kukodi, refu, jeupe, lenye kila kitu ndani kama hilo lako. Nilitaka mama alale chini ya paa langu usiku mmoja tu, hata kama paa lenyewe liko juu ya magurudumu.

Nekesa alichungulia ndani, akanigeukia.

"Na tutalala wapi?"

"Humu humu. Sisi nyuma, mama hapa kwenye kiti, kinakunjuliwa kinakuwa kitanda."

"Mume wangu, ngoja kwanza nikwambie kitu..."

"Usiniharibie siku," nikamwambia. "Panda."

Mama akasema maneno machache kwa Kibukusu, ambacho mimi nilikuwa nikishika neno moja katika matano, na Nekesa akaufungua mlango. Wakapanda. Jambo la kwanza mama alilofanya ni kutoa leso yake mkobani na kuitundika katikati ya gari, kitanda kikabaki upande wa pili. Nilidhani jua linamchoma macho.

Basi tukaenda, na gari lilipokuwa likienda yule mama alikuwa mtu mwingine. Alicheka. Aliuliza miti imekwenda wapi na nani aliikata yote. Alionyesha farasi wafupi wa kule akasema hao hata yeye angeweza kuwapanda. Aliimba nyimbo za kanisa hadi Nekesa akamwitikia. Nikasema moyoni, haya, nimefaulu. Nikaegesha mahali pazuri juu ya bahari, nikazima injini, nikawasha jiko tuchemshe chai. Kugeuka, mama hayupo. Yuko nje kwenye upepo, amejifunga shali, amenipa mgongo.

Nikafikiri anatazama bahari. Chai nikampelekea hadi nje. Nikawasha gari tuondoke, akarudi mbio na furaha yake yote. Tuliposimama tena, akashuka tena. Mara ya tatu manyunyu yalikuwa yameanza, na bado alishuka.

Mwanangu, mimi ni dereva wa basi, kazi yangu ilikuwa kujua nani anashuka kituo gani, lakini abiria yule alinishinda. Nilifikiri labda ni harufu ya choo, nikanunua dawa ya manukato nikapuliza mpaka sisi wenyewe tukapiga chafya. Nilifikiri anaogopa mtungi wa gesi usilipuke. Tulipoingia kwenye kivuko kidogo cha kwenda kisiwa cha pili, gari likawa limesimama lakini kivuko kinatembea, na nilimwona kwenye kioo ameshika kitasa cha mlango, hafungui wala haachi, mpaka tukafika ng'ambo. Hapo nilichanganyikiwa kabisa. Hata nchi yenyewe haikunisaidia. Kila dereva tuliyepishana naye alinipungia mkono, na mimi mtu wa London nikawa nasimama kukagua magurudumu, nikidhani ananionya, kumbe ni salamu yao tu.

Kufika kisiwa cha mwisho ilikuwa alasiri. Mama ana kisukari. Asubuhi alijichoma sindano, na tangu hapo alikuwa amekula biskuti tu, za mkobani mwake, na zilikwisha. Nekesa alisonga ugali, akakaanga mboga na nyama, gari zima likanukia nyumbani. Mvua sasa ilikuwa ya kweli. Mama alikuwa amesimama kando ya uzio, mbele ya kondoo mmoja aliyekuwa akimtazama, na nilipomkaribia niliona mikono yake inatetemeka.

Niliogopa, na kwa kuogopa nikakasirika. "Mama, humo ndani kuna ubaya gani? Ni mimi?" Nikanyoosha mkono, nikamshika kiganja, nikamvuta kuelekea mlangoni.

Aliruka nyuma kana kwamba ameungua, akajifunika uso kwa shali. Nekesa alipiga kelele nikasimama. Nilikuwa nimefanya nini? Nilitaka tu yule mama ale, nami nilijiona mtu aliyefukuzwa.

Ndipo mama akamgeukia kondoo. Alisema kwa Kiswahili, polepole, ili nisikose hata neno moja.

"Wewe kondoo, mwambie huyu kijana sina neno naye. Chakula kinanukia vizuri. Lakini nitaketije nile, na kitanda anacholala na binti yangu kiko pale pale? Kwetu mama mkwe haingii hapo, wala halali nyumba moja na mkwe wake. Nikifanya hivyo nimemvunjia heshima yeye. Na mimi huyu kijana namheshimu."

"Lakini amepanda tangu asubuhi!" nikamwambia Nekesa.

Mama akamjibu kondoo. "Likitembea ni gari. Likisimama, jiko likawashwa, ni nyumba. Si angeniuliza tu, hata kwa kumtuma mtu?"

"Hilo ndilo nilitaka kukwambia bandarini," akasema Nekesa. "Ukasema nisikuharibie siku."

Nilisimama pale nimelowa, na mambo yote yakaanza kunirudia, kile kiti cha karibu na mlango, macho kwenye viatu vyangu, kule kulala Plumstead. Mwezi mzima yule mama alikuwa akiniheshimu, na mimi mwezi mzima nilikuwa nikihesabu dharau. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tena.

Lakini mikono yake ilikuwa bado inatetemeka, na haya yangu haingemshibisha. Nikaenda mbele, nikaketi, nikawasha injini. Nikasema kwa sauti, nikiutazama usukani, "Nekesa, mwambie mama gari linaondoka."

Akapanda. Nekesa akampa sahani nyuma ya leso, na mimi nikaendesha.

Nimeendesha mabasi ya London miaka ishirini na saba, lakini sijawahi kuendesha kama siku ile. Niliendesha polepole ugali usianguke, barabara nyembamba ya gari moja, hadi mwisho wa kisiwa, nikageuza, nikarudi, nikageuza tena. Nyuma nilisikia kijiko kikigonga sahani, na nilipousikia mlio huo machozi yalinitoka, sikuficha. Mara ya nne mzee mmoja mfugaji alinisimamisha.

"Mmepotea?" akauliza.

"Hapana. Mama mkwe wangu anakula."

Alitazama gari, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri. Nekesa akashuka akamweleza yote. Mzee akasema mke wake ana chumba cha wageni na angefurahi sana kupata mtu wa kuongea naye. Jioni, mchana ukiwa bado mweupe kama saa nane, tukamfikisha mama kwao. Sisi tulilala garini, nje ya uzio.

Asubuhi alitoka, akasimama kando ya ukuta wa ile nyumba. Mimi nilikuwa kando ya gari, na kati yetu kulikuwa na kondoo wengi.

"Kondoo," akasema, "mwulizeni mwanangu kama amelala salama."

Mwanangu. Hakuwa amewahi kuniita hivyo kabla ya siku ile, na maishani mwangu hakuna mwanamke wa umri wake aliyewahi kuniita hivyo akimaanisha.

"Mwambieni mama nimelala salama."

Sasa nisikilize. Ninachotaka ukishike ni hiki. Kabla ya kumpa mtu kitu kikubwa, uliza kwanza kama anaweza kukipokea, na kama huwezi kumuuliza mwenyewe, mtume anayeweza. Usiseme hupendwi kwa sababu tu mtu amekaa mbali nawe. Huenda pale aliposimama ndipo alipofundishwa kusimama kwa ajili yako. Na mke wako akikwambia ngoja nikwambie kitu, funga mdomo wako mpaka amalize. Mengine sina. Mpaka leo sijui gari lililosimama huku injini inanguruma ni gari au ni nyumba. Niliwahi kumuuliza mama mkwe kupitia Nekesa, naye akasema hana hakika.

Nekesa wangu amekuwa nesi hapa miaka mingi, na atakwambia mambo hayo ni ya zamani, usijali. Mimi niliiona ile chai aliyoinuka kuipika ulipotuonyesha kitanda. Basi wiki ijayo ukisimamisha gari, ukamwona mama yake Naliaka ameshuka na kusimama kwenye mvua, usimguse mkono wala usimuulize kuna ubaya gani. Rudi kwenye usukani, mwanangu, uwashe injini. Mungu awape nyumba yenye amani, na awape barabara ndefu ya kumtosha mama mkwe wako kumaliza sahani yake.