Agent wa Same aliyetaka cheti changu halisi: siku niliyokosa msaragambo ili niende Ulaya

Wakuu, salaam kwenu. Mlionizidi umri, kama bado mpo humu, shikamooni.

Naandika nikiwa kwenye baraza ya nyumba yangu hapa Same, nyumba niliyoijenga kwa jasho langu, bila mjomba wizarani wala shemeji bandarini. Nitakayosema yalinipata mimi mwenyewe. Pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga, ingawa si mahali pengi.

Kilichonitoa kimya ni nyuzi zenu. Kila wiki naona mtu anauliza: "Wakuu, kuna agent anapeleka watu nje, anataka vyeti original na anasema nisimwambie mtu, je huyu ni wa kweli?"

Nikisoma nacheka. Halafu naacha kucheka.

Huyo agent mimi namjua. Nilikutana naye miaka ya Ujamaa, amevaa suruali ya tetroni yenye mkunjo wa pasi, na mkoba mweusi mapajani.

Mimi ni mtoto wa Chome, kule juu karibu na msitu wa Shengena. Nilimaliza kidato cha nne, wa kwanza katika ukoo wetu. Darasani aliyenizidi hesabu alikuwa mmoja tu, jirani yetu Elinami, tuliyekaa naye dawati moja. Mengine yote niliongoza mimi. Nisiposema hili nitakuwa nawadanganya.

Nikapata kazi ya msaidizi wa bwana shamba, napima mifereji. Elinami akashuka tambarare, akawa karani wa muda kwenye shamba la mkonge.

Lakini mimi nilitaka kusoma nje. Niliona kabisa kwamba kichwa changu hakikuumbwa kuishia kwenye mifereji ya Chome.

Kwa vijana wa sasa nieleze kidogo. Wakati ule hukununua tiketi ukaondoka. Nafasi zilipitia serikalini, kanisani au kwenye chama. Ulihitaji barua ya kijiji, kisha ya kata, kisha ya wilaya, na kila barua ilikuwa na mtu anayekuuliza, "Kwa nini wewe?"

Mimi nikaona nikate njia. Nikawa naandikia vyuo vya Ulaya mwenyewe, na barua nashuka kuzituma posta ya Same.

Hapo posta ndipo aliponiona.

Sasa najua kwamba hakuwa na haja ya kutafuta watu. Alikaa tu kwenye benchi, akaangalia nani anabandika stempu za nje.

"Kijana," akaniambia, "hizo hazisomwi kule. Wanazitupa. Kule wanamsikiliza mwakilishi wao."

"Mwakilishi ni nani?"

"Unaongea naye."

Hakutaka hela. Hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumshuku mtu wa hela. Alitaka vitu viwili tu: cheti changu halisi, na kimya.

"Nyinyi watu wa milimani," akasema, "mnajua wenyewe. Safari ikitajwa, haifiki."

Wakuu, hapo alinipata.

Kwetu Upareni safari haitangazwi. Ukikutana na mtu njiani ana begi, ukamuuliza anakwenda wapi, atakujibu "hapo chini tu", hata kama anakwenda Mombasa. Tunaogopa jicho. Tunaogopa midomo. Yule bwana hakuwa Mpare, lakini alikuwa ameisoma tabia yetu vizuri, akaigeuza kuwa kufuli, na ufunguo akabaki nao yeye.

Akanipa barua ya chuo cha Uswidi, ina mhuri na jina langu. Akasema siku ya safari nimletee cheti nyumba ya wageni alikofikia hapo Same, saa nne kamili, kisha tupande treni ya mchana pamoja hadi Moshi kwa ajili ya passport.

Siku aliyoichagua ilikuwa siku ya msaragambo.

Kwa wasiojua: msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji. Siku hiyo tulikuwa tunatoa tope kwenye ndiva, yaani bwawa letu la mlimani. Maji ya chemchemi hujikusanya humo, kisha hufunguliwa kwa zamu, kila nyumba na siku yake. Usipofika msaragambo bila sababu inayoeleweka, nyumba yenu inarukwa zamu ya maji. Mama yangu alikuwa na maharage yaliyoanza kutoa maua.

Nilijua. Nikaondoka hata hivyo, usiku wa manane, viatu nimevishika mkononi visipige kelele. Cheti nilikifunga kifuani kwa kitambaa.

Nilifika Same mapema. Mimi si mtu wa kuingia ndani ya nyumba kabla sijaizunguka. Nikakaa mkabala na ile nyumba ya wageni, kwenye kibaraza cha fundi cherehani, nikatazama mlango.

Saa tatu na dakika chache mlango ukafunguka. Akatoka binamu yangu Zefania wa Vudee, amevaa koti.

Tulipoonana, sote tuliganda.

"Binamu! Vipi, umeshuka?" nikamuuliza.

"Aa, nimefuata mafuta ya taa. Na wewe?"

"Jino. Linanisumbua sana."

"Pole. La juu au la chini?"

"La nyuma."

Hakuwa na dumu. Mimi shavu halikuwa limevimba. Yeye alikuwa na sanduku la bati, na mimi nilikuwa na sanduku la bati. Tukakaa pale tukizungumzia mvua. Naapa, kama si mtu wa tatu, tungekaa hivyo hadi treni ipite, kila mmoja akimlinda mwenzake asimwone.

Mtu wa tatu alikuwa dada mmoja anaitwa Namsifu, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Gonja. Alikuwa amekuja na basi linalopitia Kisiwani. Nilimfahamu kidogo kwa sababu dada yake aliolewa kijijini kwetu. Akasimama mbele yetu na sanduku lake, akatutazama kuanzia kichwani hadi chini.

"Kaka zangu, hamjambo. Mnakwenda wapi?"

"Hatuendi popote," akasema Zefania. "Mafuta ya taa."

"Mafuta ya taa." Akanigeukia mimi. "Na wewe wa Chome, dada yangu kaniambia leo kwenu ni msaragambo."

"Jino," nikasema.

"Jino, siku ya msaragambo, na umevaa viatu vya kanisani?" Akaweka sanduku chini. "Msinichoshe. Sote tumekuja kwa yule bwana. Mimi nina miadi saa tano. Anawapeleka nchi gani?"

Wakuu, mimi nilivitazama viatu vyangu vya kanisani.

Zefania ndiye aliyevunjika kwanza. "Ujerumani Mashariki," akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Uswidi," nikasema.

"Mimi Marekani. Toeni barua zenu."

Tukazitandaza juu ya sanduku langu. Nchi tatu, vyuo vitatu, mihuri mitatu. Namsifu akasoma kwa kidole, taratibu, kama anayesoma kadi ya mgonjwa. Kisha akaanza kucheka, cheko ambalo halikuwa na furaha.

"Tazameni malazi."

Mimi nilipangiwa bweni, ghorofa ya pili, chumba namba kumi na nne. Zefania ghorofa ya pili, chumba namba kumi na nne. Na Namsifu vivyo hivyo.

"Basi tutabanana," akasema Namsifu. "Nani amekwishampa cheti?"

Zefania akainamisha kichwa.

Tukaingia wote watatu. Yule bwana alipotuona pamoja, tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yaliondoka.

"Karibuni. Lakini nilisema mmoja mmoja."

"Tunataka cheti cha Zefania," nikasema.

"Kimekwisha kwenda Moshi na basi la asubuhi."

Hapo ndipo nilipofaa. Nilikuwa nimekaa mbele ya mlango ule tangu jua linachomoza, na hakuna aliyetoka ila binamu yangu. Nikamwambia hivyo. Kisha nikaufungua mkoba wake mwenyewe bila kumwomba ruhusa.

Vilikuwa ndani. Vyeti, vimefungwa kwa kamba ya mkonge kama mboga za kupeleka sokoni. Cha Zefania kilikuwa juu.

Chini yake, kwenye ukingo, nikaona jina la Elinami.

Yule bwana hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa.

"Chukueni hicho kimoja," akasema. "Mkigusa vingine, au mkienda polisi, na mimi nitaeleza. Nitasema vijana watatu mlikuwa mnatoroka nchi bila kibali, siku ya kazi ya kijiji. Wewe msaidizi wa bwana shamba. Wewe muuguzi unayesomeshwa na wenzako. Tuone nani atasafiri tena."

Nilimtazama Zefania. Zefania alikwishakiingiza cheti chake ndani ya koti. Namsifu akasema, "Na hivyo vingine ni vya nani?" Mimi ndiye niliyemshika mkono, nikamwambia, "Twende."

Nimesema nitasema ukweli. Ni mimi niliyesema twende.

Treni ya mchana ilimchukua. Tulisikia ikipiga honi tukiwa tayari tunapandisha mlima.

Nililala kwao Zefania. Asubuhi nikafika Chome, na msaragambo ulikuwa siku ya pili. Walioniona wa kwanza walikuwa kinamama waliosimama kwenye tope.

"Karibu, mgeni!" mmoja akapaza sauti. "Huko ulikokwenda hawana majembe?"

"Mwacheni, viatu vinambana," mwingine akasema.

Katikati yao alikuwa mama yangu, tope hadi magotini. Alikuwa ameifanya siku yangu na ya kwake, ili nyumba yetu isirukwe maji. Hakuniuliza kitu. Alininyooshea karai tu.

Mwenyekiti wa kijiji yeye akauliza. "Jana ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na uongo mzuri umeiva mdomoni. Lakini nilimwona mama. Nikavua viatu, nikaingia kwenye tope, nikasema kwa sauti: nataka kwenda nje kusoma, nilikwenda kwa mtu Same, mtu yule ni tapeli, amekusanya vyeti vya vijana mkobani mwake.

Minong'ono ikaanza, ile niliyokuwa naikimbia maisha yangu yote. Wapo waliosema najikweza. Wapo waliosema natoroka. Mwenyekiti akasema, "Afadhali sasa tunajua tunamshuku kwa lipi."

Kisha mama yake Elinami akaja hadi niliposimama. Akaniuliza polepole, ili wengine wasisikie:

"Mwanangu, humo mkobani, uliona jina la Elinami?"

"Niliona, mama."

"Ukakiacha?"

"Nilikiacha."

Akarudi kwenye nafasi yake, akaendelea kuchota tope.

Hebu nimalizie ya safari, maana najua mnayasubiri. Namsifu aliniletea habari kwamba fomu za masomo ya nje zilikuwa zimebandikwa ubaoni ofisi ya wilaya, hadharani kabisa. Nilikuwa nikizipita kila nilipokwenda posta. Mwenyekiti aliniandikia barua, akasema hawezi kukataa jambo ambalo kijiji kizima kimelisikia. Ilichukua zaidi ya mwaka: barua, usaili, barua tena. Kwenye usaili waliniuliza maswali ya maji, nikawaeleza ndiva, namna zamu zinavyogawanywa na tope linavyotolewa. Mzungu mmoja aliacha kunywa chai yake.

Nikapelekwa Bulgaria. Lugha nilijifunza kwenye baridi iliyofanya hata kalamu igome kuandika. Nikarudi na stashahada ya umwagiliaji, ipo hapa ukutani, ina fremu ya mninga. Mifereji niliyoichora inatiririsha maji mpaka leo. Atakayebisha aje nimtembeze.

Elinami je?

Aliandika wizarani kuomba nakala ya cheti. Baada ya muda mrefu akajibiwa kwamba mwenye jina hilo na namba hiyo tayari ameajiriwa mkoa mwingine, na yeye ajieleze ni nani.

Alijieleza miaka mingi. Alistaafu mkongeni akiwa anakata, si karani tena. Yeye, aliyenizidi hesabu.

Anaishi nyumba ya tatu kutoka hapa kwangu. Hajawahi kunilaumu, na mara nyingi natamani angenilaumu.

Jana jioni alikuja hapa barazani na fimbo yake. Mjukuu wake amemaliza chuo. Amepata agent, anapelekwa nje mwezi ujao. Ameshatoa vyeti. Tukamwita, tukamuuliza agent ni nani na chuo ni kipi. Akatujibu kwa heshima zote, "Shikamooni babu zangu, nimeambiwa nisiseme kwanza."

Elinami alinitazama, akasema, "Wewe unajua kuandika humo kwenye simu. Andika."

Basi nimeandika.

Njia ya kweli ipo, wakuu. Ni ndefu, ina foleni, ina watu wa kukuuliza kwa nini wewe, na imebandikwa ubaoni kila mtu aione. Anayekutaka unyamaze ana sababu, na sababu hiyo si jicho la jirani yako.

Mjukuu wetu yumo humu, anasoma kimya kimya, sijui kwa jina gani. Wengine wenye agent wa namna hiyo mpo pia, najua. Usimwandikie mtu inbox. Andika hapa hapa chini, mbele ya wote: nchi gani, chuo gani, na umepangiwa chumba namba ngapi.