Doa la Kisigino cha Mama Mkwe

Wasomaji, jina langu naomba lisionekane popote, maana hapa mtaani Buyenzi midomo haina likizo. Nina miaka ishirini na saba, mume wangu ni makanika, tuna watoto wawili. Tulikuwa tukiishi Ruziba hadi mizinga ya vita ilipotutoa, sasa tunabanana chumba na sebule pamoja na mama mkwe.

Kila Alhamisi mimi ndiye ninayempaka hina kwenye nyayo, aingie Ijumaa akiwa amependeza. Ndivyo nilivyoliona lile doa la kisiginoni. Mwanzo tulisema ni damu iliyovilia, kwa kuwa siku ile ya mizinga alikimbia peku. Hina ikapakwa juu yake wiki baada ya wiki, na doa likakua chini yake bila mtu kulijali. Sasa lina kingo zisizo sawa, huku jeusi, huku kahawia, na limeanza kutoa maji.

Nilipompeleka mtoto kliniki nikamwuliza daktari, nikidanganya kuwa ni la jirani. Akaniambia zipo saratani za ngozi za jua, zinazowashika sana wenye ualbino usoni na masikioni. "Lakini kuna ingine, kwa ngozi nyeusi inapenda kujificha kwa nyayo na chini ya kucha. Lazima nione, nikate kidogo, tupime. Ikitolewa mapema mutu anaweza kupona. Ikishuka kwa tezi za kinena, itakuwa ngumu. Umulete haraka."

Nilimweleza mama mkwe taratibu. Akavuta mguu wake.

"Apana, mi sitaki. Wakinikata muguu, siku mizinga ikianza tena nani atanibeba? Shangazi yenu alibaki Ruziba juu ya nyonga yake mbovu, hakuweza kukimbia. We ulimuona tena?"

Hatukumwona tena. Nikamwambia kuwa huenda daktari akatoa kipande kidogo tu, si mguu mzima. Akasema wote huanza kwa kidogo. Kisha akaniapisha: nikimwambia mwanawe, hatanisamehe duniani wala akhera. Na mwanawe namjua, atambeba kwa nguvu mpaka hospitali.

Mama huyu ndiye aliyenipokea nilipokuja sina ndugu karibu, akanilea kama binti yake. Nampenda, na nimemkasirikia.

Leo ni Alhamisi. Nimekoroga hina, nikakaa miguuni pake. Kabla sijaanza akaushika mkono wangu, akauweka kinenani juu ya nguo. Kuna uvimbe mgumu, mkubwa kuliko punje ya haragwe. Akaniangalia, kisha akanyoosha mguu nipake.

Nimepaka. Mume wangu yuko njiani anarudi kutoka gereji, na mama mkwe amekaa mlangoni ananitazama ninavyoandika kwenye simu, anadhani nawaandikia ndugu zangu. Msinijibu nisali, hilo nalifanya. Nishaurini, akiingia nimwambie nini?