Kasha Namba Nne

Waraka wa kuunganisha ofisi za kanda ulipofika, Mama Nukta peke yake ndiye aliyecheka. Wenzake sita walishika tama. Mmoja alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuezeka nyumba, mwingine ana watoto watatu shule ya pale mtaani, na sasa wote waliambiwa wafunge virago wakaripoti makao makuu ndani ya siku tisini. Yeye alijifungia ofisini, akavua viatu, akacheza kati ya meza na kabati la mafaili. Mumewe, mwalimu wa jiografia, alihamishiwa mji huohuo wa makao makuu miaka tisa nyuma. Aliomba kurudi mara nne, akaambiwa asubiri. Ndoa yao ikawa ya simu na likizo.

Jina la Mama Nukta alipewa na watu wa eksirei. Alikuwa mkaguzi wa mamlaka ya usalama wa nyuklia, kazi yake kuzunguka hospitali na viwanda vya kanda nzima kupima kama mionzi inavuja, na makadirio hakuyajua kabisa. Ukimwambia "kama tatu hivi," atakuuliza tatu nukta ngapi. Wapo waliomwona akishuka na kipimo chake wakatamani kuugua palepale.

"Nimenunua kabati la pili," mumewe alimwambia kwenye simu. "Lako peke yako."

"Na upande wa dirishani ni wangu."

"Chukua hata nyumba nzima, mke wangu. Wewe njoo tu."

Wenzake wakaondoka mmoja mmoja. Meza zikapakiwa, kibao cha nje kikang'olewa, simu ya mezani ikakatwa. Alipobaki yeye na mlinzi wa geti, mkurugenzi akampigia simu ya mkononi, akasema limebaki jambo dogo. Wakubwa wakisema jambo dogo, jishikilie.

Nyuma ya ofisi kulikuwa na stoo yenye kuta nene. Ndani yake mlikuwa na makasha matano ya madini ya risasi, yamefungiwa vyanzo vya mionzi vilivyochakaa, vilivyotolewa kwenye mashine za hospitali na viwanda. Yote yalitakiwa makao makuu, na fomu ya kuyaruhusu kusafiri husainiwa na mkaguzi wa kanda. Mama Nukta alipima. Manne hayakuwa na neno. Namba nne, kuukuu kuliko yote, likasoma mara mbili ya kinachoruhusiwa barabarani. Akabadilisha kipimo, akapima tena, akatoka nje kupunga hewa, akarudi kupima mara ya tatu. Ni yale yale.

"Dada, weka saini tu," mkurugenzi alisema. "Gari letu, mizigo yetu, nani atauliza?"

"Dereva na mwenzake watakaa nalo mgongoni kwa muda wa saa tisa."

"Basi omba kasha kubwa la kulifunika."

"Niliomba miaka saba iliyopita."

"Omba tena."

Akaomba. Jibu lilikuja haraka, jambo lisilo la kawaida. Kanda yake imefutwa, kwa hiyo haina bajeti, na kanda isiyokuwepo haiwezi kuagiziwa kitu. Akauliza kama ataletwa mkaguzi mwingine ampokee. Haiwezekani, wakasema, waraka umefuta nafasi zote za kazi nje ya makao makuu. Yeye mwenyewe, kwa sasa, anahesabiwa kama mtumishi aliyechelewa kuripoti.

"Mwachie mlinzi funguo, uje zako," mkurugenzi alisema, uvumilivu umemwisha.

"Masharti ya leseni yanakataza. Lazima mtunzaji awe mkaguzi, na aishi mwendo wa saa moja kutoka stoo."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

Mama Nukta akajibu: "Mimi."

Aliuandika miaka kumi na moja iliyopita, na siku ile alijipongeza sana. Sasa maneno yake mwenyewe yalimfunga. Wazo la kuacha kazi lilimjia asubuhi moja, lakini alipochungulia dirishani alimwona mlinzi amekunja shuka, ameegemea ukuta wa stoo, anakula.

"Mzee, si nimekuambia usikae hapo?"

"Kivuli kiko huku, mama," mzee alisema bila hata kusogea.

Fomu ilikaa mezani wiki nzima. Siku ya nane alishika kalamu, akaiweka ncha juu ya karatasi, na mkono haukumtetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa tayari kabisa. Alitamani lile kabati, ule upande wa dirishani, sauti ya mtu akikohoa chumba cha pili, na kwa ajili hiyo alikuwa tayari kuwachoma mgongo watu wawili asiowajua. Aliona aibu hadi masikio yakapata moto. Kisha akaandika kwa herufi kubwa kwamba kasha namba nne haliruhusiwi kusafiri, akasaini hapo.

Jioni alimpigia mumewe, akamweleza yote. Mumewe hakufoka, wala hakumwambia kwamba alipaswa kusaini.

"Sasa mpaka lini?" aliuliza.

Kwa miaka tisa swali hilo alikuwa akilijibu vilevile: sijui, labda mwakani. Safari hii alijua. Kilichomo ndani ya namba nne hupungua nusu ya nguvu zake kwa muda unaojulikana, na hakuna waraka wa kukiharakisha. Nusu ndiyo iliyohitajika.

"Miaka mitano na miezi mitatu," alisema.

Alimsikia mumewe akivuta kiti, akakaa.

"Mke wangu," mumewe alisema, "si ungeniambia tu hujui?"