Mtani wangu anacheka, na gari lake halina pini

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Mji wetu ni mdogo na mimi ni mtu mzima, sitaki kunyooshewa kidole sokoni.

Nina miaka sabini na moja. Nilifundisha fizikia sekondari mpaka nilipostaafu, na sasa naishi hapa Tabora, Mtendeni. Mimi ni Mnyamwezi. Jirani yangu ni Mzaramo aliyeletwa huku na kazi ya reli, akasahau kurudi kwao. Vijana huenda hamjui uzito wa jambo hilo, basi niwaeleze. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishusha mizigo pwani na kupokelewa huko. Mtani anakutukana mbele za watu, anachukua kuku wako bila kuuliza, nawe huna ruhusa ya kununa. Lakini siku ukifa, yeye ndiye anayeshika jembe kaburini kwako.

Jirani yangu huyu ana gari la zamani la spoti, jekundu, la milango miwili, lililo chini kiasi kwamba wazee kama sisi tukitaka kushuka lazima tuvutwe mkono. Analipenda kuliko anavyojipenda. Mjukuu wake anaolewa Urambo kesho, na babu aliapa siku nyingi kwamba atampeleka yeye mwenyewe kwa gari hilo.

Tatizo lilikuwa mbele. Kila likiingia kwenye shimo lilikuwa likigonga. Wiki hii tukaamua kubadilisha vifaa vinavyoshika magurudumu ya mbele, yaani shokapu, bushi na boljoint, palepale uani kwake. Yeye alilala chini ya gari, mimi kwa mgongo wangu mbovu nikakaa kwenye kigoda nikimpa spana.

"Mnyamwezi, usiniwekee spana kichwani!" akawa ananipigia kelele. "Kubeba mmezoea nyie."

"Na nyie mmezoea kulala wenzenu wakifanya kazi," nikamjibu. "Ona ulivyojinyoosha."

Boljoint, wanangu, ni kama nyonga yako. Ni mfupa wenye kichwa cha duara ndani ya kikombe, ndio unaoliwezesha gurudumu kukata kona huku likipanda na kushuka. Chini yake kuna nati yenye meno kama taji. Ukishaikaza, unapitisha pini nyembamba kwenye tundu, kisha unazikunja ncha zake ili nati isijifungue kwa mtikisiko. Bila pini, nati hulegea kidogo kidogo. Siku ikitoka, gurudumu hulala ubavu na pua ya gari huanguka barabarani, mwendo wowote ule uliokuwa nao.

Tulipomaliza, gari limeshashushwa na magurudumu yamefungwa, nikaanza kukunja mkeka aliolalia. Pini moja mpya ikaanguka miguuni kwangu. Imenyooka, haijakunjwa. Boljoint zilikuja mbili, kila moja na pini yake.

Nikamwambia, "Mtani, upande mmoja hukuweka pini. Fungua tuangalie."

Akaitazama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Kwa nini? Kwa sababu mwaka jana nilichukua nati kutoka nyumbani kwangu nikaiweka chini ya gari hilohilo, naye akashinda juani akitafuta ilikotoka, mtaa mzima ukimcheka. Ulikuwa utani halali, na alinilipa kwa kunichukulia jogoo wangu. Sasa ananiambia, "Ya nati ilikwisha, sasa umeleta pini? Mwalimu mzima huna mtihani mpya?"

Nikaapa. Akazidi kucheka, maana watani huapa sana. Nikamtuma fundi wa mtaani kwetu akaangalie. Mtani akamrudishia mlangoni: "Kamwambie aliyekutuma kuwa Mzaramo hadanganywi mara mbili!" Nikamweleza bibi harusi mwenyewe, alipokuja kuniamkia. "Shikamoo babu," alisema, nami nikamwitikia marahaba, nikamshika mkono nikamwambia asipande gari lile. Yule binti akacheka mpaka machozi. "Babu, nyie hamchoki? Hata siku ya ndoa yangu?"

Hapo nikaona njia moja tu. Jana niliingia kwake, nikauchukua ufunguo wa gari ulioning'inia ukutani, nikatoka nao kwa haki ya utani, kama anavyochukua kuku wangu. Mwanzoni alifurahi. Leo baada ya swala ya adhuhuri akaja mlangoni kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane aliniita kwa jina langu.

"Mchezo basi," alisema. "Lete ufunguo."

"Fungua gurudumu kwanza, niione pini."

"Nikifungua, jioni mtaa wote utanicheka mbele ya wakwe. Hicho ndicho unachotaka."

"Sitaki hicho. Naogopa."

Alinitazama sana. Nadhani kwa nukta moja aliniamini, kisha kiburi kikamrudia. Akasema, "Mjukuu wangu asipopanda gari langu kesho, utani wetu umekufa. Na mimi nikifa, usije."

Kwa asiyejua, maneno hayo ni mepesi. Kwetu hakuna mazito zaidi yake. Mtani anayekatazwa mazishi hana tena nafasi katika nyumba ile.

Inawezekana nimekosea. Inawezekana aliirudishia pini ya zamani nami sikuona. Nati iliyokazwa vizuri inaweza kukaa mwaka mzima, na inaweza isifike Urambo. Ufunguo uko mfukoni mwa kanzu yangu pamoja na ile pini, vinagongana kila nikiinuka. Naambiwa atakuja kuufuata baada ya alfajiri akiwa na wanawe.

Nikimpa, huenda nikaenda kumchimbia kaburi yule binti, maana kazi hiyo ni yangu mtani. Nikimnyima, siku yake ikifika watashika jembe wengine, nami nitakaa ndani nikisikia watu wakipita. Ninyi mnaosoma, nishaurini kabla hakujakucha: mlango ukigongwa, nimfungulie nikiwa na nini mkononi?