Umande Haushoni

Nilipokuwa mtoto kwetu, kwenye milima ya Iringa, ndama hawakushushwa bondeni kabla umande haujakauka. Bibi yangu alisema umande ni wa wahenga, na swala pongo tuliowasikia wakikohoa kule kwenye matete ndio mifugo yao.

“Ukiwalisha ndama kwenye majani yao, watarudi na kikohozi chao.”

“Kwa nini, Bibi?”

“Kwa sababu nimesema.”

Jibu hilo linanikera mpaka leo.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, katika miaka ya hamsini, mchungaji nilikuwa mimi. Nilitaka kuwahi shule ya misheni, basi nikawa nawashusha ndama alfajiri, majani yamelowa chapachapa. Baada ya wiki chache wakaanza kukohoa, shingo wamezinyoosha, ndimi nje. Wa kwanza alipokufa, baba mdogo alimpasua. Kuanzia kooni mpaka mapafuni tukakuta vitu vyeupe, vyembamba, virefu, vimesokotana.

“Nyuzi hizi,” akasema.

Kijijini kwetu mwenye nyuzi alikuwa mmoja: Mama Sekela, mjane wa Kinyakyusa mwenye cherehani ya mkono. Gauni nililovaa siku hiyo alilishona yeye.

Watu wakajaa uani, naye akaitwa ajibu kwa nini amewaroga ndama. Nikasema wazi mbele ya wote, “Ni mimi. Niliwalisha kwenye umande.”

Baba mdogo akanitazama. “Wewe mtoto, umande unashona?”

Wakacheka. Nikamgeukia Bibi, maana neno lilikuwa lake. Bibi akajifunga kaniki yake upya, akaingia ndani. Nami sikurudia.

Kesho yake Mama Sekela aliondoka, cherehani kichwani. Ndama wakaendelea kukohoa, na hakuna aliyeuliza sasa ni nyuzi za nani.

Shule niliiacha darasa la nne, mengine nimejisomea. Nilikuwa mtu mzima nilipofungiwa sukari dukani kwa karatasi ya kitabu cha mifugo. Ilieleza minyoo ya mapafu: watoto wake hutoka na mavi, hupanda kwenye majani mabichi yenye unyevu, ndama hula. Niliisoma nimesimama, kwa hasira. Bibi alikuwa nao ukweli, akaufungia kwa wahenga, na siku ulipotakiwa hakuutoa.

Nikaenda Mlandege, Iringa mjini, Mama Sekela alikokuwa akishona bado. Nikamsomea yote. Mkono wake haukutoka kwenye gurudumu la cherehani.

“Mimi nilijua sikuzitia, mwanangu,” alisema. “Hiyo kawasomee kwenu.”

Nikaenda. Bibi na baba mdogo walikuwa wameshazikwa. Waliobaki walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaniuliza kama nimekula.

Siku ile ya utoto nilijiona mkweli kwa kuwa nilisema mara moja tu. Safari hii nikasogeza kigoda, nikaanza kusoma tena kutoka juu.