Breki ya Kerrow

Ndugu yangu Keinan hapandi gari la mtu kabla hajapapasa chini ya dashibodi. Hupapasa taratibu, macho kayafumba, kama anayeogopa ng'e. Madereva wa Garissa humcheka. Mimi simcheki, maana nilikuwepo siku alipoianza tabia hiyo.

Kerrow, mume wangu, aligongwa kutoka nyuma kwenye barabara ya Modogashe, wakati wa magharibi, mwaka wa tisini na sita, akafa. Nadhani aliona kitu mbele yake. Kama ni ngamia au ni nini, hatujui mpaka leo. Dereva wa lori lililompanda aliwaapia wazee: "Wallahi, hakuna taa iliyowaka. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, amelala." Mji mzima ukayapokea maneno hayo kwa hamu. Kerrow bahili, wakasema, gari bovu, hata taa hatengenezi. Watoto wangu waliyasikia wakiwa duksi, kwenye chuo cha Kurani, wakarudi wakilia. Nilitaka kujua jambo moja tu: mume wangu alikanyaga breki, au alikuwa amelala kweli?

Wa kunijibu alikuwa Keinan. Ni fundi wa umeme wa magari, anafanyia kazi uani kwake Bulla Iftin, na hakuna swichi wala taa iliyowahi kumsumbua. Pikapu ya Kerrow ilivutwa hadi uani kwake, nayo akaikwepa kwa miezi. Leo hana fyuzi, kesho ana malaria. Mkewe aliniambia anaizunguka peke yake, anaitazama, halafu haigusi. Majirani wakasema ina jini. Nikachoka na jini lao. Nikaazima betri, nikaibeba mwenyewe kwa mkokoteni.

"Tengeneza," nikamwambia. "Sasa hivi, nikiona."

Alinitazama kama mtu anayepelekwa korokoroni.

"Basi simama nyuma, abaayo, dada yangu. Ikiwaka, sema."

Taa ya nyuma iliyosalia ilikuwa moja, ya kushoto. Jua la alasiri lilikuwa kali, kwa hiyo nikachutama, nikaifunika taa kwa mtandio wangu, nami nikaingiza kichwa humo. Nikamsikia akiunga betri, akikagua fyuzi, akifuata waya. Kila kitu kizima, akasema. Halafu nikasikia mlio mdogo, ta! Mikono yangu ikawa myekundu.

"Imewaka!" nikapaza sauti. "Toa mguu, tuone kama itazima."

Taa haikuzima.

"Keinan! Toa mguu kwenye breki!"

"Mguu wangu hauko huko."

Nikaenda mbele. Alikuwa amekaa kiti cha abiria, miguu yote nje, mchangani. Upande wa dereva hapakuwa na mtu. Pedali ya breki ilikuwa imepinda, imekwama chini kabisa, tangu siku ile. Hakuwa amelala. Alikanyaga kwa nguvu zake zote, na bado alikuwa anakanyaga.

"Mbona lori halikuiona taa?"

Kidole chake kilikuwa chini ya dashibodi, juu ya swichi ndogo nyeusi ambayo sikuwahi kuijua; ndiyo iliyolia ta. Miaka ile ya shifta, madereva waliogopa taa nyekundu zisije zikawaonyesha majambazi hao wa porini mahali wanapopunguza mwendo. Wakaomba swichi ya siri ya kuzima taa zote za nyuma, hata za breki. Keinan aliwafungia wengi.

"Na hii?"

"Ni mimi."

"Miezi yote hii wanamtukana, na wewe unajua!"

"Ningekuambia nini, Sirad? Kwamba mumeo aliniomba gari lisionekane, nami nikaifanya kazi vizuri?"

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshika. Akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usiizime," nikamwambia.

Tukakaa mchangani nyuma ya gari, ndugu wawili, tukaitazama breki ya Kerrow mpaka betri ikaisha.