Barafu Iliyonitoa Kitini Malaba

Nekesa, muuza chai wa Malaba, alizoea kusikia kwangu tu jinsi barafu ya bahari inavyopungua huko kaskazini mwa dunia. Kisha dereva wa lori, akingoja foleni ya mpakani isonge, akaanza kumweleza vizuri kuliko mimi. Wivu ukanichoma.

"Barafu hiyo ikiyeyuka, bahari itafurika," nikadakia.

"Hapana, boss," dereva akasema. "Ile inaelea tayari, ikiyeyuka haiongezi maji."

Mimi niliyeishia darasa la sita nikataka kumuumbua. Nikaomba barafu kwa muuza samaki, nikarudi kwenye kiti changu kando ya Nekesa, nikaitia kwenye glasi, nikajaza maji mpaka ukingoni. Madereva wakatuzunguka. Barafu ikayeyuka yote, maji yakabaki pale pale.

Nekesa akanitazama. "Inuka kidogo," akasema, "dereva akae hapo, aendelee."